Mary Ward: kwa nini masista walikatazwa kwa miaka 160 kumwita mwanzilishi wao

Tarehe 30 Aprili 1749 Papa Benedikto XIV alitoa hati iitwayo Quamvis iusto. Hati hiyo ilikata shauri la muda mrefu kati ya askofu wa Augsburg, kusini mwa Ujerumani, na masista waliokuwa wakifundisha wasichana jimboni kwake. Masista walipata mengi. Waliruhusiwa kuendelea kuishi bila kufungiwa ndani ya kuta za monasteri, kuendesha shule zao, na hata kuwa na mama mkuu mmoja wa nyumba zote. Ila waliwekewa sharti zito: wasimtambue Mary Ward, mwanamke wa Kiingereza aliyeanzisha kazi yao, kuwa mwanzilishi wao.

Benedikto XIV hakuwa mtu wa kubahatisha. Alikuwa mmoja wa wataalamu wakubwa wa sheria za Kanisa katika zama zake, na historia ya nyumba zile haikuwa siri. Hata hivyo katazo liliwekwa, likakaa hadi 1909. Vizazi kwa vizazi vya masista viliingia utawani, vikafundisha, vikazeeka na kuzikwa bila ruhusa ya kumpa mwanzilishi wao jina lake.

Ukimweleza mtu habari hii, jibu la haraka huwa kwamba Kanisa lililoongozwa na wanaume lilimwonea mwanamke. Dhuluma ilikuwepo, na sitaifunika. Lakini jibu hilo halielezi jambo moja la ajabu: katazo la 1749 ndilo lililowaokoa masista wake. Bila kumkana mama yao wasingepata kibali cha kuishi. Ili fundo hilo lifunguke, inabidi turudi Uingereza ya mwishoni mwa karne ya 16.

Nyumba zilizokuwa makanisa

Mary Ward alizaliwa tarehe 23 Januari 1585 huko Mulwith, karibu na Ripon, katika eneo la Yorkshire. Wazazi wake, Marmaduke Ward na Ursula Wright, walikuwa watu wa mashamba na jina, na walikuwa Wakatoliki wakati Ukatoliki ulipokuwa kosa. Asiyehudhuria ibada za kanisa la serikali alitozwa faini. Padri aliyepata upadre ng'ambo akirudi nchini alihesabiwa kuwa haini, na aliyemficha padri alistahili kifo. Mwaka 1586, Mary akiwa na umri wa mwaka mmoja, Margaret Clitherow, mke wa muuza nyama mjini York, alishtakiwa kwa kuwaficha mapadri. Alipokataa kujibu mashtaka, aliuawa kwa kulazwa chali, akafunikwa kwa mlango na kurundikiwa mizigo mizito juu yake.

Ukoo wa Mary ulizionja sheria hizo. Bibi yake mzaa mama, aliyemlea kwa miaka kadhaa, alikuwa amekaa gerezani miaka 14 kwa ajili ya imani. Wajomba zake wawili, John na Christopher Wright, waliingia katika njama ya 1605 ya kulipua bunge kwa baruti, wakauawa ilipogunduliwa.

Katika mazingira kama hayo hapakuwa na parokia. Kanisa lilikuwa nyumba ya mtu. Padri alifika kwa siri akitumia jina lisilo lake, akaadhimisha Misa, akaondoka kabla hajajulikana. Waliobaki walikuwa wanawake wa nyumba ile. Wao ndio waliojua mavazi ya Misa yamefichwa wapi, mtumishi yupi anaaminika, na mtoto yupi bado hajui Baba Yetu. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye ufunguo wa maisha yake, hata kuliko maono yake ya baadaye, ambayo waandishi wengi huyapa uzito wa kwanza. Mary hakuhitaji kubuni wazo la mwanamke anayelitumikia Kanisa nje ya monasteri. Alikuwa amelelewa ndani yake.

Akiwa na umri wa miaka kama 15, akikaa na familia ya Babthorpe huko Osgodby, alikuwa akishona pamoja na mtumishi mzee aitwaye Margaret Garrett. Bibi huyo alimsimulia habari za watawa wa kike waliowahi kuwepo Uingereza kabla monasteri hazijafutwa. Tangu hapo Mary hakutaka tena kusikia habari za ndoa. Wachumba wenye hadhi walikuja akawakataa, huku baba yake na padri wake wa maungamo wakimpinga. Mwaka 1606 alivuka bahari hadi Saint-Omer, mji uliokuwa wakati huo chini ya utawala wa Hispania, akajiunga na Waklara, watawa wa kike wa Mtakatifu Klara.

Wakampa kazi za nje, yaani kuzunguka mjini akiomba chakula cha watawa waliofungwa ndani. Akavumilia, kisha akaondoka na kuanzisha nyumba ya Waklara kwa ajili ya wanawake wa Kiingereza. Nyumba hiyo ilifanikiwa. Angeweza kutulia humo, lakini mwaka 1609 aliiacha, jambo lililowashangaza wengi waliokuwa wamemsaidia. Alirudi London, na asubuhi moja, akitengeneza nywele mbele ya kioo, alijawa na hakika kwamba Mungu anamtaka kwa kazi nyingine yenye kumletea Mungu utukufu zaidi. Kazi gani, hakuonyeshwa. Akarudi Saint-Omer na kundi la wanawake wenzake, wakaanza kuishi pamoja na kufungua shule.

Jibu lilikuja 1611, wakati akipata nafuu baada ya kuugua. Yeye mwenyewe aliandika kwamba alielewa maneno haya: chukua kilekile cha Shirika. Shirika lililokusudiwa ni Shirika la Yesu, yaani Wajesuiti, na kilichotakiwa kuchukuliwa ni mfumo wao mzima wa maisha na uongozi, isipokuwa yale ambayo Mungu aliwakataza wanawake kwa kutofautisha jinsia.

Ugo, urithi na mamlaka

Mfumo huo uligongana moja kwa moja na sheria ya ugo. Papa Bonifasi VIII alikuwa ameagiza tangu 1298 kwamba watawa wa kike wakae ndani ya monasteri zao. Mtaguso wa Trento ulirudia agizo hilo 1563, na Papa Pio V akalikaza zaidi 1566. Mwanamke aliyetaka kuitwa mtawa kamili, mwenye nadhiri kuu, alitakiwa kuingia ndani ya ugo na kutotoka. Sababu zilizotajwa zilikuwa kulinda usafi wa moyo na utulivu wa sala. Kulikuwa pia na suala la mali. Nadhiri kuu zilimwondolea mtu uwezo wa kurithi na wa kufunga ndoa, na familia za matajiri zilitaka kuwa na uhakika kwamba binti aliyeingia utawani hatarudi miaka kumi baadaye kudai sehemu yake. Ukuta wa monasteri uliwatuliza wengi ambao hawakuwa na haja yoyote na sala.

Mary alitaka wanawake wasio na ugo, wasiofungwa na sala ya pamoja ya kwaya, wasio na vazi maalumu la kitawa. Alitaka wawe na mkuu mmoja mwanamke juu ya nyumba zote, ambaye angewajibika kwa Papa mwenyewe bila kupitia kwa maaskofu wa majimbo. Kila sharti lilimgusa mtu mwenye mamlaka mahali fulani. La mwisho, naamini, ndilo lililomgharimu zaidi. Ugo ungeweza kujadiliwa. Mwanamke anayewahamisha wanawake wenzake kutoka jimbo moja hadi jingine bila idhini ya askofu yeyote lilikuwa jambo lisilo na nafasi katika fikra za wakati ule.

Kwake yeye masharti hayo yalitokana na kazi yenyewe. Sista Dorothea, mmoja wa wenzake, aliacha masimulizi ya utume wake huko Suffolk mwanzoni mwa miaka ya 1620. Aliishi katika nyumba ya mwanamke maskini akiwa na mavazi ya watu wa kawaida. Aliwafundisha watoto Baba Yetu, Salamu Maria, Nasadiki na amri za Mungu, akahudumia wagonjwa, na akawaandaa watu kwa maungamo ili padri akipita kwa siri asipoteze muda. Hakuna ugo ambao ungeruhusu kazi hiyo, na hakuna vazi la kitawa ambalo lisingempeleka jela.

Wengine waliojaribu kutoka nje ya kuta walikumbana na ukuta uleule. Wanawake wa Fransisko wa Sale na Jane de Chantal huko Annecy walianza 1610 wakiwatembelea wagonjwa, lakini kufikia 1618 walikuwa wamegeuzwa kuwa watawa wa ndani. Waursula wa Ufaransa nao wakaingizwa ndani ya ugo. Aliyefanikiwa ni Visenti wa Paulo, aliyeanzisha Mabinti wa Upendo pamoja na Louise de Marillac mwaka 1633. Mbinu yake ilikuwa kutodai jina. Aliwaambia mabinti wake wasijiite watawa, wasiweke nadhiri za hadhara, na wakiulizwa waseme wao ni wanawake wa kawaida wanaowahudumia maskini. Sheria ya ugo iliwahusu watawa, nao hawakuwa watawa, basi wakapita.

Mary Ward hakutaka kupitia mlango huo. Aliamini kwamba wanawake wake ni watawa kweli, na kwamba Kanisa linapaswa kusema hivyo kwa uwazi. Unaweza kumwona mkaidi. Mimi naona alikuwa na swali la msingi ambalo Visenti, kwa busara yake yote, aliliacha bila jibu: je, mwanamke anaweza kuwekwa wakfu kwa Mungu kikamilifu akiwa katikati ya watu?

Maadui walikuwa wengi, na si wote walimchukia kwa sababu moja. Mapadri wa kijimbo wa Uingereza, yaani wasio wa shirika lolote la kitawa, walikuwa na ugomvi wa miaka mingi na Wajesuiti, wakaona kundi hili kama mkono mwingine wa wapinzani wao. Walituma malalamiko Roma, wakiwaita Wajesuiti wa kike na wasichana wapiga mbio. Wajesuiti nao hawakuwa na raha. Miaka ya 1540 Ignas wa Loyola, mwanzilishi wao, aliwahi kumpokea Isabel Roser wa Barcelona na wenzake wachache chini ya utii wake. Mambo yakaharibika, akawaondoa kwenye nadhiri zao na kumwomba Papa aliepushe shirika lake na jukumu la kuongoza wanawake. Kwa hiyo baadhi ya Wajesuiti walimsaidia Mary kwa moyo, wengine walimkwepa, na hakuna aliyeweza kumtetea kwa sauti kama mmoja wao.

Mwaka 1617 Mjesuiti mmoja aliposikia bidii ya wanawake hao ikisifiwa alijibu kwamba bidii ya mwanzo hupoa, na mwisho wa yote wao ni wanawake tu. Neno hilo lilipomfikia Mary, aliwakusanya wenzake na kuwaambia kwamba bidii haipoi kwa sababu mtu ni mwanamke, hupoa kwa sababu mtu si mkamilifu. Akaongeza: "Hakuna tofauti kati ya wanaume na wanawake kiasi cha wanawake kushindwa kufanya mambo makuu." Alitumaini, alisema, kwamba siku zijazo itaonekana wanawake wakifanya mengi.

Roma kwa miguu

Mnamo Oktoba 1621 aliondoka eneo la Flanders na wenzake wachache kwenda kumwomba Papa kibali. Walivaa kama mahujaji, wakatembea zaidi ya kilomita 1,500 katika Ulaya iliyokuwa tayari imewaka moto wa Vita vya Miaka Thelathini, wakavuka Alpi, wakapitia patakatifu pa Bikira Maria pa Loreto, na kufika Roma mkesha wa Noeli. Siku chache baadaye alikuwa mbele ya Papa Gregori XV.

Alipokelewa kwa upole. Tatizo la upole wa Roma ni kwamba haukuwa kibali. Makardinali walisoma mpango wake, wakamshauri akubali ugo. Akakataa. Aliomba waruhusiwe kufungua shule mjini humo ili watu waone kwa macho, na mwaka 1622 wasichana maskini wa Roma walianza kusoma kwake bila malipo. Nyumba zikafuata Napoli na Perugia. Ila kadiri kazi ilivyofanikiwa ndivyo malalamiko yalivyozidi, na mwaka 1625 nyumba ya Roma ilifungwa kwa amri, chini ya Papa Urbano VIII.

Akageukia kaskazini. Huko Munich mtawala wa Bavaria, Maximilian I, alimpa nyumba iliyoitwa Paradeiserhaus mwaka 1627. Kaisari Ferdinand II alimkaribisha Vienna mwaka huohuo, kisha Pressburg, ambayo leo ni Bratislava. Watawala walimpenda kwa sababu shule zake zilifaa. Lakini kule Roma, Baraza la Uenezaji wa Imani, idara ya Papa inayosimamia umisionari, lilikuwa limekwisha amua mwaka 1628 kwamba wanawake hawa wafutwe, na mabalozi wa Papa wakaanza kufunga nyumba moja moja.

Hapo Mary alifanya jambo lililoharibu yote. Aprili 1630 aliwaandikia wenzake akiwaelekeza wasitii amri za kufunga nyumba, kwa sababu aliamini hazikutoka kwa Papa bali kwa maadui waliotumia jina lake. Alikuwa na sababu ya kuamini hivyo. Alikuwa amezungumza na Urbano VIII ana kwa ana, na hakuna aliyemwambia waziwazi kwamba shirika lake limehukumiwa. Lakini barua ilipoangukia mikononi mwa wakuu wa Kanisa, ilisomeka kama uasi. Mbele yao hakuwa tena mwanamke anayeomba kibali, bali mtu anayewachochea wengine wasitii.

Barua za ndimu

Hati ya kulifuta shirika, Pastoralis Romani Pontificis, ilitolewa tarehe 13 Januari 1631. Lugha yake ni kali hata kwa kipimo cha zama zile. Ilisema wanawake hao walikuwa wakizurura bila ugo, wakifanya kazi zisizolingana na udhaifu wa jinsia yao na staha ya kike, na kwamba shirika lao lilikuwa batili tangu siku ya kwanza. Nadhiri zao zikatangazwa kuwa si kitu.

Tarehe 7 Februari 1631 Mary alikamatwa mjini Munich kwa mashtaka ya kuwa mzushi, mfarakanishi na mwasi wa Kanisa Takatifu. Walimfungia katika monasteri ya Waklara iitwayo Anger, mjini humohumo, akiwa na mwenzake mmoja wa kumhudumia, Anne Turner. Chumba kilikuwa kidogo, madirisha yamezibwa kwa mbao, na kabla yake kilikuwa kimekaliwa na mgonjwa mahututi. Mary mwenyewe alikuwa na afya mbovu kwa miaka mingi.

Alikatazwa kuandika bila ruhusa. Wenzake wa Paradeiserhaus walimpelekea chakula na mahitaji madogo, na vyombo vikarudi vikiwa vimefungwa kwa karatasi chakavu. Karatasi hizo ndizo zilizobeba barua zake. Mary aliandika kwa maji ya ndimu, ambayo yakikauka hayaonekani. Mpokeaji akiipasha karatasi motoni, maandishi yanatokea kwa rangi ya kahawia. Barua 23 kati ya hizo zimehifadhiwa hadi leo. Nyingi zilimwendea Mary Poyntz, aliyekuwa mkuu wa nyumba ya Munich.

Ukitarajia maandishi ya mtakatifu anayelia gerezani, hutayakuta. Anatoa maelekezo. Anauliza nani amesema nini, anapanga namna ya kuwasilisha ombi Roma, anawaonya wachome barua, anawahimiza wawe wachangamfu. Ni sauti ya kiongozi ambaye hajaacha kazi. Kwangu mimi hakuna ushahidi mzuri zaidi wa aina ya mtu aliyekuwa kuliko vipande hivyo vya karatasi.

Alipozidiwa, aliomba sakramenti za mwisho. Aliambiwa atazipata akitia saini tamko lililoashiria kwamba huenda amesema au kutenda kinyume cha imani. Akakataa, ingawa alijiona yuko mlangoni pa kifo, akaandika tamko lake mwenyewe kwamba hajawahi kukusudia lolote dhidi ya Papa wala Kanisa. Akapona. Aprili 1631 amri ya kumwachilia ikafika kutoka Roma.

Mwaka uliofuata alikwenda Roma na kupiga magoti mbele ya Urbano VIII, akisema kwamba si mzushi na hajawahi kuwa mzushi. Papa alimjibu kwamba wanaamini hivyo. Aliruhusiwa kuishi Roma na wenzake wachache, chini ya macho ya wapelelezi. Jina lake lilisafishwa, lakini shirika halikurudishwa. Watu wengi husimulia habari zake kana kwamba yote mawili yalikuwa jambo moja, na hapo ndipo uelewa unapopotea. Mtu aliachiwa huru, hukumu ya 1631 ikabaki palepale.

Alirudi Uingereza 1639. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ilipoanza alihamia kaskazini, na akafariki Heworth, karibu na York, tarehe 30 Januari 1645, ambayo katika kalenda ya Kiingereza ya wakati huo ilikuwa Januari 20. Kumpatia Mkatoliki kaburi halikuwa jambo jepesi. Wenzake walimlipa mchungaji wa Kianglikana wa Osbaldwick ili azikwe katika uwanja wa kanisa lake. Jiwe la kaburi bado lipo ndani ya kanisa hilo. Maandishi yake yanasema kwamba kuwapenda maskini, kudumu katika hilo, kuishi, kufa na kufufuka pamoja nao ndilo lililokuwa lengo lote la Mary Ward. Hakuna neno la utawa, la Papa wala la shirika, na kwa sababu hiyo hakuna aliyelivunja.

Kwa nini kumkana kuliwaokoa

Wanawake hawakutawanyika wote. Wachache walibaki Munich kama walei wanaoishi pamoja na kufundisha. Nyumba ya Augsburg ilifunguliwa 1662. Mwaka 1686 Frances Bedingfield alianzisha nyumba nje ya lango la Micklegate mjini York, inayojulikana kama Bar Convent, ambayo bado ipo. Mbele ya sheria za Uingereza hawakuweza kuwa watawa, mbele ya Roma hawakuwa watawa, na kwa wasichana waliofundishwa nao walikuwa masista.

Mwaka 1703 Papa Klementi XI alithibitisha kanuni 81 za maisha yao. Inasimuliwa kwamba alisema wanawake waachwe watawaliwe na wanawake. Lakini angalia kilichothibitishwa: ni kanuni tu. Shirika lenyewe halikutajwa kuwa limekubaliwa. Roma iliruhusu namna ya kuishi bila kusema walioishi hivyo ni nani.

Kibali hicho cha nusu ndicho kilichozaa kesi ya Augsburg. Askofu alitaka kujua mamlaka ya mama mkuu yanaishia wapi na yake yanaanzia wapi, na wakati wa kuchunguza hilo swali la asili yao likafufuka. Hapa sheria ilikuwa na meno. Kama masista hawa walikuwa shirika la Mary Ward, basi walikuwa lile shirika lililofutwa milele mwaka 1631. Walikuwa wameishi miaka 118 kinyume cha hati ya Papa, na wangepaswa kufungwa. Kama hawakuwa wa Mary Ward, walikuwa kundi jipya, lililothibitishiwa kanuni zake 1703, lisilo na doa.

Benedikto XIV alichagua la pili. Alijenga ukuta wa kisheria kati ya mwanamke na kazi yake ili kazi iendelee bila kuitengua hukumu ya mtangulizi wake. Picha za Mary na maandishi yake yakafichwa katika nyumba kadhaa. Augsburg walibaki na mfululizo wa michoro 50 ya maisha yake, ambao wageni huutazama hadi leo.

Zawadi iliyokuwa ndani ya hati hiyo ilikuwa kubwa kuliko alivyokusudia yeyote. Kwa mara ya kwanza Roma ilikubali kwa maandishi kwamba wanawake wenye nadhiri za kawaida, si nadhiri kuu, na wasio na ugo, wanaweza kuongozwa na mama mkuu mmoja juu ya nyumba za majimbo mbalimbali, ingawa chini ya maaskofu. Mashirika ya kike ya kufundisha na kuuguza yaliyochipuka kwa wingi karne ya 19 yalipita njia hiyo. Mwaka 1900 Papa Leo XIII alitoa hati Conditae a Christo, iliyoyapa mashirika ya nadhiri za kawaida nafasi rasmi katika maisha ya kitawa. Sista unayemwona leo akiendesha gari kwenda zahanati au akisimama darasani anaishi ndani ya sheria hiyo, hata kama hajawahi kusikia jina la Mary Ward.

Kwa masista wake mwenyewe, shirika lilithibitishwa 1877 na Papa Pio IX. Ruhusa ya kumwita mwanzilishi ilitolewa na Papa Pio X mwaka 1909, miaka 278 baada ya kufutwa.

Loreto na Congregatio Jesu

Kabla ya hapo kazi ilikuwa imekwisha kwenda mbali. Frances Ball, msichana wa Dublin aliyesoma York na kufanyia unovisi wake, yaani malezi ya utawa, hukohuko, alirudi Ireland 1821 na kuweka makao Rathfarnham, akiyapa jina la Loreto. Kutoka hapo masista walifika India mwaka 1841, Afrika Kusini mwaka 1878, na Kenya mwaka 1921. Shule zao za Msongari na Limuru ni majina ambayo familia nyingi za Kenya zinayajua vizuri. Wangari Maathai, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, alisoma sekondari kwa masista wa Loreto Limuru. Katika Sudan Kusini walifungua shule ya sekondari ya wasichana Rumbek mwaka 2008, mahali ambapo msichana kumaliza shule kulikuwa kwa nadra sana. Msichana wa Skopje aliyekuja kuitwa Mama Teresa alijiunga nao Rathfarnham 1928, akafundisha Kolkata, na hakuwaacha hadi 1948 alipokwenda kuanzisha shirika lake.

Matawi mawili makuu yalitokana na historia hii ya kukatwakatwa: la Loreto, na lile la nyumba za Ulaya ya kati lenye makao Roma. Mwaka 2004 tawi la Roma lilichukua jina la Congregatio Jesu pamoja na katiba za Ignas wa Loyola, likiacha tu yale yanayohusu upadre. Hicho ndicho Mary Ward alichotaka tangu mwaka 1611.

Desemba 2009 Papa Benedikto XVI alitambua rasmi kwamba Mary Ward aliishi fadhila za Kikristo kwa kiwango cha kishujaa. Ili atangazwe mwenye heri inatakiwa muujiza mmoja uliothibitishwa kwa maombezi yake, na masista wanaendelea kuuombea.